Kuandika kwa Ubongo: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Vipandikizi

Tangu zisambae picha za watu waliopooza wakiandika kwenye kompyuta bila kugusa kibodi, kwa msaada wa vifaa vilivyopandikizwa kusoma ishara za ubongo, barua zimetufikia kwa wingi. Nyingine ni za wapenzi wa sayansi, nyingine ni za watu wenye mgonjwa ndani ya nyumba. Tumejibu yale yanayojirudia, na wenye wagonjwa tumewapa nafasi zaidi.

Mdogo wangu alianguka kutoka juu ya mwembe akavunjika shingo. Mikono na miguu haifanyi kazi, ila akili yake ni timamu na anaongea vizuri. Nasikia kuna chipu inayosoma mawazo. Je, akiwaza herufi A, kompyuta itaandika A?
*Msomaji, Morogoro*

Pole sana, ndugu yetu, kwa yaliyompata mdogo wako. Hapana, akiwaza tu herufi A hakuna kitakachoandikwa. Vipandikizi vingi vinavyojaribiwa leo husikiliza sehemu ya ubongo inayotoa amri kwa misuli, nayo ni ukanda mwembamba unaoanzia karibu na sikio na kupanda hadi utosini. Shingo ikivunjika, amri ya kusogeza mkono bado hutolewa pale pale. Kilichokatika ni njia ya kushukia. Kipandikizi huidaka amri hiyo huko juu, kabla haijafika penye mkato. Kwa hiyo mtumiaji hatakiwi kuwaza, anatakiwa kujaribu: ajaribu kweli kusogeza mkono, ingawa anajua hautasogea.

Mwaka 2004 jaribio la BrainGate lilianza Marekani na kijana aliyekatika uti wa mgongo, Matthew Nagle. Alisogeza kishale kwenye skrini kwa namna hiyo, na matokeo yakachapishwa 2006. Tangu hapo zimepatikana njia tatu za kuandika.

Ya kwanza ni kishale na kibodi iliyochorwa kwenye skrini. Mtu hujaribu kusogeza mkono au kidole na kishale hufuata; akitaka kubofya, hujaribu tendo jingine, kwa mfano kukunja kiganja. Mwaka 2017 mshiriki mmoja alifikisha herufi 39 sahihi kwa dakika.

Ya pili ni mwandiko wa mkono. Katika kazi ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, iliyochapishwa 2021, mzee wa miaka 65 aliyeumia uti wa mgongo alijaribu kuandika kana kwamba ameshika kalamu, herufi juu ya herufi mahali pamoja. Alama ya > ilisimama badala ya nafasi kati ya maneno, na ~ badala ya nukta. Alifika herufi 90 kwa dakika. Sababu ya kasi hiyo inafaa kueleweka. Kwenda kwenye vitufe viwili vilivyokaribiana ni safari mbili zinazofanana sana, na kompyuta huzichanganya. Lakini mwendo wa kalamu kwenye S na mwendo wake kwenye K hutofautiana tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo ni rahisi kuzitenganisha.

Ya tatu ni kujaribu kunena, kwa wale ambao hata kinywa kimegoma. Hiyo tutaieleza chini.

Kwa mdogo wako, kwa kuwa anaongea, kufunguliwa fuvu si jambo la kuanza nalo. Simu inayoandika anachotamka, kipanya kinachofuata mwendo wa kichwa, au kijiti cha kushika mdomoni vinaweza kumwandikisha bila kisu. Na kabla ya yote hayo, hakikisheni anageuzwa mara kwa mara, kwa kawaida kila baada ya saa 2 akiwa kitandani, na mkojo wake unatunzwa. Vidonda vya mgandamizo na maambukizi ya figo ni hatari kwake kuliko kukosa kompyuta.

Ninasoma uhandisi wa umeme. Ningependa kujua vipuri vyenyewe na safari ya mawimbi kutoka kwenye ubongo hadi kwenye herufi.
*Mwanafunzi, Mombasa*

Tuanze na kile kilichotumika kwa miaka mingi zaidi, kibao kilichobuniwa Chuo Kikuu cha Utah. Ni mraba wa silikoni wa milimita 4 kwa 4 wenye sindano zipatazo 100, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 1 hadi 1.5, zikiachana kwa milimita 0.4. Zinazopeleka habari kwa kawaida ni 96. Daktari mpasuaji hufungua fuvu, hukiweka kibao juu ya ubongo, kisha kifaa kinachosukumwa kwa hewa hukigonga mara moja kiingie. Waya hutoka hadi kwenye kitako cha titani kilichokazwa kwa skrubu juu ya fuvu, na kitako hicho hutokeza nje ya ngozi. Hapo ndipo kebo ya kompyuta huchomekwa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha kwamba kisambaza mawimbi cha sentimita 5 hivi kinaweza kufungwa kwenye kitako na kuondoa kebo.

Kampuni ya Neuralink walichukua njia nyingine: elektrodi 1,024 (ncha zinazonasa umeme wa seli za neva) kwenye nyuzi 64 nyembamba kiasi kwamba roboti ndiyo huzishona kwenye ubongo, na kifaa kizima hufichwa chini ya ngozi na kuchajiwa bila waya. Kampuni ya Synchron hawafungui fuvu kabisa. Wavu wenye elektrodi 16 hupitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo hadi kwenye mshipa wa damu unaopita katikati juu ya ubongo, na kisanduku cha mawasiliano huwekwa chini ya ngozi ya kifua. Elektrodi hizo ziko mbali zaidi na seli za neva, hivyo zinachopata ni mnong'ono: zinatosha kubofya na kuchagua, hazitoshi kuandika kwa kasi. Ni mabadilishano ya wazi kati ya upasuaji mdogo na habari nyingi, na kila kundi limechagua pake pa kusimama.

Sasa safari. Kila elektrodi ya kibao husomwa mara 30,000 kwa sekunde. Mlipuko wa umeme wa seli moja hudumu karibu milisekunde 1 na hupimwa kwa maikrovolti makumi au mamia, kwa hiyo kikuza mawimbi lazima kiwe karibu na kisiwe na kelele. Kompyuta huchuja mawimbi ya chini, huweka kizingiti, kisha huhesabu ni mara ngapi kizingiti kimevukwa katika kila milisekunde 20. Hesabu hizo za elektrodi zote kwa pamoja huingia kwenye mtandao wa neva bandia, yaani programu iliyofunzwa kwa mifano ya mtu yuleyule. Katika njia ya kunena, mtandao hutoa makisio ya sauti kila milisekunde 80: kwa Kiingereza, sauti 39 pamoja na ukimya. Mwisho, programu ya lugha huchukua makisio hayo na kutafuta mfululizo wa maneno unaoelekea kuwa sahihi.

Hatua hiyo ya mwisho hubeba mzigo mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2023, Stanford walifika maneno 62 kwa dakika kwa msamiati wa maneno 125,000, lakini karibu neno 1 kati ya 4 lilikosewa. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kwa karatasi yenye elektrodi 253 iliyolazwa juu ya ubongo bila kuchoma, kilifika maneno 78 kwa dakika, kikiwa na makosa ya kiasi hichohicho kwa msamiati mdogo zaidi. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha California, Davis (UC Davis), kwa vibao vinne vyenye jumla ya elektrodi 256, walipata usahihi wa asilimia 97.5 kwa maneno 125,000. Hapo ni kosa 1 kwa maneno 40, kwa mwendo wa maneno kama 32 kwa dakika. Kwa maoni yetu hilo la mwisho ndilo kubwa, ingawa kasi ni ndogo. Anayemweleza daktari maumivu yake hawezi kumudu neno moja la uongo katika kila manne. Mshiriki wa UC Davis alitumia kifaa kwa jumla ya saa 248 za mazungumzo, pamoja na familia na wenzake.

Mimi ni muuguzi. Magazeti yanaeleza mafanikio tu. Ni nini huharibika?
*Muuguzi, Kigoma*

Dada, swali lako ni la mtu aliyezoea wodi. Kinachosumbua mara nyingi zaidi ni ngozi. Pale kitako cha titani kinapotokeza, ngozi haifungi kamwe, hivyo huwasha, huvimba, hutoa majimaji. Inatakiwa kusafishwa na kukaguliwa kama unavyokagua tundu la mpira wa tumboni. Ripoti ya usalama ya BrainGate ya mwaka 2023 ilihesabu watu 14 na siku 12,203 za kuishi na vibao. Matatizo yaliyotokana na kifaa yalikuwa 68, na 6 kati yake yalikuwa mazito. Hapakuwa na maambukizi ndani ya fuvu, wala kifo au ulemavu wa kudumu uliosababishwa na kifaa. Ni takwimu ya kutia moyo, lakini ni ya watu 14 waliokuwa wakitazamwa na timu nzima.

La pili huwasumbua watumiaji kila siku: mawimbi hayatulii. Ubongo huelea kwenye maji yake na husogea kidogo kila mtu anapopumua au kugeuzwa. Elektrodi iliyokuwa ikisikia seli fulani jana, leo inaweza kusikia jirani yake. Programu iliyofunzwa Jumatatu huanza kukosea Jumanne. Dawa yake ni kurekebisha upya: mtu huonyeshwa malengo au sentensi kwenye skrini, hujaribu kuzifuata kwa dakika kadhaa, na programu hujisahihisha. Programu mpya zaidi hujirekebisha zenyewe wakati mtu anaandika, kwa kulinganisha alichoandika na alichosahihisha. Mahali ambapo hakuna wa kuchomeka kebo na kuanzisha zoezi hilo asubuhi, kifaa hukaa bila kazi hata kama kibao chenyewe ni kizima.

La tatu ni uzee wa kifaa. Mwili hujenga kovu kuzunguka sindano, na tabaka la kuhami waya huliwa polepole. Elektrodi hupotea moja baada ya nyingine. Hata hivyo wapo walioendelea kusogeza kishale miaka kadhaa baada ya upasuaji, kwa sababu programu hujifunza kutumia zilizobaki.

Nyuzi nazo zina tatizo lake. Mtu wa kwanza kuwekewa kifaa cha Neuralink, Januari 2024, alipoteza sehemu kubwa ya mawasiliano wiki chache baadaye kwa sababu nyuzi nyingi zilijitoa kwenye ubongo. Wahandisi walibadili namna ya kusoma mawimbi na uwezo ukarudi bila upasuaji mwingine. Kwa wavu wa kwenye mshipa, hofu ni damu kuganda, na wagonjwa hupewa dawa za kuzuia hilo, aspirini ikiwemo. Muulize daima mgonjwa wa aina hii anatumia dawa gani kabla ya sindano au upasuaji wowote, na usimpeleke kwenye MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku, kabla timu yake haijakubali.

Jambo la mwisho ambalo halipigwi picha ni uchovu. Kujaribu kunena au kuandika kwa saa nzima ukiwa na ugonjwa wa neva ni kazi nzito.

Vifaa hivi vyote vinazungumza Kiingereza. Je, vingeweza kuandika Kiswahili?
*Mwalimu, Unguja*

Mwalimu, vingeweza, na kwa sehemu moja Kiswahili kina nafuu. Elektrodi haisikii lugha, inasikia amri kwa ulimi, midomo, taya na koo. Watafiti wa San Francisco walionyesha hilo mwaka 2024 kwa mtu mmoja aliyezungumza Kihispania na Kiingereza: mienendo ya kinywa iliyofunzwa katika lugha moja ilisaidia kuitambua nyingine. Kiswahili kina irabu tano tu zinazotamkwa jinsi zinavyoandikwa. Kompyuta ikishajua sauti, tahajia si kitendawili kama ilivyo kwa Kiingereza. Kwa njia ya mwandiko ni rahisi zaidi, kwani hatuna q wala x.

Ugumu uko kwenye programu ya lugha. Kwa Kiingereza, orodha ya maneno 125,000 inatosha karibu kwa kila kitu. Kwa Kiswahili haitoshi, kwa sababu kitenzi kimoja huzaa maumbo maelfu: nasoma, hatukumsomea, wasiposomeshwa, tuliyosomewa. Orodha ya maneno mazima itayakosa mengi, na programu itamlazimisha mtu aseme neno lililo karibu badala ya alilokusudia. Suluhisho ni kukata maneno vipande, *ha-tu-ku-m-som-e-a*, na kuifundisha programu vipande gani hufuatana. Inabidi pia ijue kwamba *m* ya *mtu* ni silabi peke yake, na ya *mbuzi* inabebwa na *b*.

Na kuna mchanganyiko wetu wa kila siku. Anayesema "nimesend" au "tumeshachat" atasahihishwa kinguvu na programu iliyofunzwa kwa magazeti pekee. Kazi ya kukusanya maandishi na sauti za Kiswahili cha mitaani haihitaji hospitali wala ubongo wa mtu, na ingefaa ifanywe mapema na wenye lugha, kwa sababu hiyohiyo itawafaa wanaoandika kwa simu na kwa kamera zinazofuata macho leo.

Je, mtu anaweza kuibiwa siri zake za moyoni?
*Msomaji, Bujumbura*

Kwa njia ya kujaribu kusogeza misuli, usipojaribu hakuna kinachotoka. Lakini wasiwasi wako una msingi. Mwaka 2025 kundi la Stanford lilionyesha kwamba maneno ambayo mtu anayasema kimoyomoyo nayo huacha alama kwenye eneo hilohilo la amri za misuli, hafifu lakini inayosomeka, kwa usahihi uliofika asilimia 74 katika hali nzuri. Watafiti haohao walijaribu kinga: kifaa kisisome chochote hadi mtu awaze neno la siri walilokubaliana, na neno hilo lilitambuliwa kwa zaidi ya asilimia 98. Tunaona kinga ya namna hii iwe sharti kwa kila kifaa, na mtu awe na uwezo wa kukizima mwenyewe bila kumwomba mwingine.

Kaka yangu ana ALS, ugonjwa wa neva unaolegeza misuli hatua kwa hatua. Tunaishi Minneapolis. Anaingiaje kwenye majaribio, na ni kiasi gani cha fedha?
*Msomaji, Marekani*

Vifaa tulivyovitaja humu viliwekwa ndani ya majaribio ya kitabibu, na katika majaribio ya aina hii mshiriki hauziwi kifaa wala upasuaji. Yeyote anayemtaka mgonjwa alipe ili awekewe "chipu ya ubongo", achana naye. Majaribio ya Marekani huorodheshwa kwenye tovuti ya serikali ya ClinicalTrials.gov, tafuta kwa jina la ugonjwa pamoja na maneno "brain-computer interface", kisha soma masharti ya nani anakubaliwa. Mpelekee daktari wake wa neva ukurasa huo.

Ulizeni mambo haya kabla ya kutia saini. Mgonjwa anatakiwa kuishi umbali gani kutoka kituoni? Vipindi ni vingapi kwa wiki, nani anakuja nyumbani, na nani katika familia atafunzwa kuchomeka na kusafisha? Jaribio likiisha, kifaa kinatolewa au kinabaki, na kikibaki nani atakitengeneza? Kampuni ikifungwa itakuwaje? Maambukizi yakitokea baada ya mwaka, bili inakwenda wapi? Takeni majibu kwa maandishi, na mwombe mkalimani hata kama Kiingereza chenu ni kizuri. Kaka yako ana haki ya kuyasikia haya katika lugha anayoota nayo. Msiache kurekodi sauti yake mapema, angali anaongea. Kipo kipindi ambacho sauti bado ipo, na kikipita hakirudi. Rekodi hizo zinaweza kutumika kuipa kompyuta sauti inayofanana na yake, kama UC Davis walivyofanya.

Mama yangu alipata kiharusi. Upande wa kulia umelegea na maneno hayatoki. Kifaa hiki kitamsaidia?
*Msomaji, Nakuru*

Inategemea ni nini kimeharibika. Mpeni maswali ya ndiyo na hapana, na mwambieni aonyeshe vitu mlivyotaja. Akielewa yote, akaweza kuchagua herufi za jina lake kwa mkono wa kushoto, lakini ulimi haumtii, basi lugha ipo na tatizo ni misuli. Akichanganya maneno, akashindwa kuchagua herufi au kuelewa, yaelekea lugha yenyewe imeguswa, na hilo ndilo huwapata wengi wenye kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo. Vipandikizi vya leo havitibu hilo. Anachohitaji ni mtaalamu wa tiba ya usemi, mapema na kwa kurudiarudia.

Mume wangu hawezi kusogeza chochote ila macho. Wanasema kiharusi kiligonga shina la ubongo. Kuna la kufanya hapa hapa Tanga, leo?
*Msomaji, Tanga*

Lipo, mama, na halihitaji umeme. Wagonjwa wa namna hii mara nyingi wanasikia na kuelewa kila kitu, na macho hubaki na uwezo wa kwenda juu na chini.

Kubalianeni alama: kutazama juu ni ndiyo, kutazama chini ni hapana. Msitumie kupepesa peke yake, kwani macho hupepesa bila kutaka. Mpimeni kwa maswali kumi mnayoyajua majibu yake, ndiyo na hapana zikiwa zimechanganywa. Akipata yote au karibu yote, endeleeni. Asipopata, rudieni wakati mwingine wa siku kabla ya kukata tamaa. Usingizi na dawa huchangia.

Kisha chukueni kadi ngumu mwandike herufi kubwa nyeusi kwa mistari mitano, zinazotumika zaidi zikitangulia:

A I U E O
N K M W L
H T Y S B
Z J R G D
F P V C, kisha NAFASI na FUTA

Msomaji wa kadi huuliza kwa sauti, "Mstari wa kwanza? Wa pili?" akisubiri sekunde mbili au tatu kila mara. Macho yakienda juu, anasoma herufi za mstari huo moja moja hadi yaende juu tena. Kila herufi iandikwe papo hapo, msitegemee kichwa. Baada ya herufi tatu mnaweza kubashiri neno, lakini muulize, msimalizie kwa niaba yake. Nyuma ya kadi wekeni maneno ya haraka: maumivu, nigeuze, makohozi, kiu, joto, mkojo, mwite fulani. Dakika 15 zinatosha kwa mara moja mwanzoni.

Makosa ya kawaida ni kwenda haraka, kumkalisha dirisha likiwa nyuma yako hata asione kadi, na kila ndugu kuwa na alama yake. Macho yakiweza kwenda pande zote, muulizieni kwa mtaalamu wa tiba ya usemi kuhusu kamera inayofuata macho, ambayo huandika kwenye kompyuta bila upasuaji. Na alama mliyokubaliana iandikeni kwenye karatasi, ibandikwe juu ya kitanda chake, naye aende nayo kila anapohamishiwa wodi nyingine.